Mpishi Asiyeonja

Mbeya, 24 Novemba 2024

Dada Verediana,

Kamwene. Sisi huku Uyole tunapumua. Mvua zimeanza, Bupe kashapanda mahindi nyuma ya nyumba na tayari anagombana na kuku wa jirani.

Nimekupigia simu mpaka vocha zimeisha. Juzi akapokea mjukuu wako, akasema bibi kasema hapokei. Babu Anord akitaka kusema kitu aandike kwenye karatasi, maana kwenye simu anamchekesha bibi halafu bibi anasahau alichotaka kuuliza. Nilicheka peke yangu pale kituoni, watu wakanishangaa. Haya, naandika. Barua ya mwisho niliandika darasa la saba, kuomba kazi kwa mtu ambaye hakunijibu mpaka leo. Hii nampa kondakta wa basi la Iringa, hapo stendi wataipandisha gari la Idodi.

Najua unataka habari ya mwanao Goodness, kwa nini karudi nyumbani na begi lake wakati nilikuahidi nitamlinda. Dada, nilijitahidi. Lakini lazima uelewe pale tunapofanya kazi. Kwa Mama Hansa siyo mgahawa wa chipsi. Ni hoteli ya Kihindi ya watu wakubwa, iko maeneo ya Forest, wanakuja mameneja wa benki na watu wa migodi, na Wahindi wanatoka mpaka Tunduma kwa ajili ya chakula chetu. Meza zina vitambaa vyeupe, hata maji yananywewa kwenye glasi zenye miguu. Nyama haiingii, yai haliingii.

Na Mama ana sheria moja kubwa kuliko zote. Chakula hakionjwi mpaka sahani ya kwanza ipande ghorofani, kwenye chumba chake cha ibada, iwekwe mbele ya mungu wao. Sisi jikoni tunaiita sahani ya juu. Ikishapanda ikashuka, onjeni mpaka mshibe. Kabla ya hapo hata kulamba kidole ni kosa, maana kwao huwezi kumpelekea Mungu kitu ulichokwisha kukitia mdomoni. Mimi miaka yote hiyo sheria naishika.

Sasa wana sikukuu yao inafuata Diwali. Siku hiyo wanapanga vyakula mbele ya mungu wao mpaka sakafu haionekani, na wageni wakubwa wanakuja. Tukiwa katikati ya kazi Mama akaingia jikoni, akamkuta Goodness na kijiko mdomoni. Dengu iko jikoni bado, sahani haijapanda. Mama alikasirika sana. Akasema huyu mtoto ana tabia ya kudokoa, akamwambia avue aproni. Nilijaribu kusema neno, lakini unawajua matajiri wakishakasirika. Ile dengu yote ikamwagwa.

Usimpige wala usimseme sana. Vijana wa siku hizi ndo walivyo, mikono yao haitulii. Mimi nitamtafutia kwingine. Na ile habari ya hoteli ya pili ambayo Mama anataka kufungua Iringa mjini, bado ipo, na mpishi mkuu kasema ni mimi. Nitakuwa karibu na nyumbani, utakuja kula kwenye kitambaa cheupe.

Mdogo wako,
Anord

*

Idodi, 8 Desemba 2024

Anord,

Barua nimeipata. Nimesoma mara mbili, mara ya pili nikamwambia Goodness asikilize. Akatoka akaenda kuteka maji wakati madumu yote yamejaa.

Nikuambie lililotokea huku. Jumamosi kulikuwa na harusi ya Anjela wa kule juu. Unajua taratibu zetu, akina mama wa jumuiya tunapika wote. Walikuwa wamemwomba Goodness tangu mwezi wa tisa, akiwa bado kwenu, kwamba aje awapikie pilau ya hoteli. Basi akaja na khanga yake kiunoni, akakaa kwenye sufuria ya nyama. Mama Severina akaja taratibu tu akamwambia, mwanangu wewe nenda kwenye kuosha sahani. Goodness akauliza kwa nini. Severina akamwambia mbele ya watu wote, "Nyama ya harusi haikai na mdokozi."

Wengine wakacheka. Goodness aliosha sahani mpaka jioni, hakula.

Sasa nakuuliza wewe. Goodness alishuka hapa mwanzoni mwa Novemba. Hakumwambia mtu kitu, hata mimi aliniambia tu kazi imeisha. Lakini alipopita dukani siku ileile watu walikuwa wanajua, na neno walilokuwa nalo ni hilohilo la kudokoa. Nani alilileta? Halina miguu.

Jambo la pili. Kuna kambi ya watalii njia ya kwenda hifadhini, wanataka mpishi wa kike anayejua vyakula vya Kihindi, wanapata wageni wasiokula nyama. Goodness amekwenda, wamempenda. Wamemwambia arudi mwezi wa pili awapikie, halafu watampigia simu tajiri wake wa zamani wamuulize habari zake. Unaona ilipofika. Mama Hansa akisema mdokozi, hiyo kazi hana, na hapa kijijini atabaki kuosha sahani za harusi za wenzake.

Nikimuuliza ilikuwaje anasema neno moja tu. Muulize mjomba.

Basi nakuuliza.

Dada yako,
Verediana

*

Mbeya, 29 Desemba 2024

Dada,

Krismasi tumekula wali na kuku, lakini mimi sikula vizuri, na Bupe akanifuata nje akaniuliza kinachonisumbua. Sikumwambia yote. Naona aibu kuandika haya na nimechana karatasi kadhaa.

Goodness hakudokoa. Mimi ndiye niliyemwambia aonje.

Nilikuwa na wasiwasi na ile dengu, nikamwambia aonje haraka kabla sahani haijapanda. Mama alipoingia na kumuuliza nani kamtuma, mimi nilikuwa nimesimama kwenye tanuri la mikate, hatua chache tu pale. Nikanyamaza. Ndo kosa langu, Dada, nilinyamaza. Nilijiambia Mama akipoa nitamweleza. Mama akapoa, wageni wakaja, wakasifu, nikaitwa mezani kupewa mkono. Goodness alikuwa kashafungasha.

Ile barua ya kwanza nilikuandikia kama mtu anayemwonea huruma, na naijua dhambi yake.

Nimeungama kwa Padri Jumamosi ya kabla ya Krismasi. Alinipa kitubio na nimekitimiza, nimesali rozari zote. Kwa hiyo kwa upande wa Mungu nimejisafisha. Naomba wewe mwambie Goodness kwamba mjomba wake anajuta, na hao akina mama wa jumuiya waambie kwa namna yako kwamba ni mambo ya Wahindi tu, hawataelewa. Lakini mimi usinitaje. Mwezi wa tatu Mama anasaini jengo la Iringa. Nikipata pale nitamchukua Goodness awe chini yangu, na kila kitu kitakuwa kimekaa sawa.

Anord

*

Idodi, 12 Januari 2025

Anord,

Umeungama kwa Padri, vizuri. Lakini aliyefukuzwa kazi siyo Padri.

Nimekaa na barua yako tangu juzi. Mvua imenyesha, ndovu wameingia kwenye mpunga wa Bartholomeo, tumelala nje tunapiga madebe. Alfajiri tukiwa tunaota moto nikamuuliza Bartholomeo, binamu, hili neno la kudokoa ulilisikia wapi? Nilimuuliza yeye kwa sababu yeye ndiye anayekaa dukani. Akaniambia bila kuficha. Akasema, "Si Anord mwenyewe alinipigia? Goodness alikuwa hata hajafika Makambako."

Kwa hiyo mwanangu yuko kwenye basi, anawaza atakavyoniambia, na wewe umeshamtangulia.

Sikulia. Niliona aibu tu, kwamba nimekubeba mgongoni wewe, nikakutafunia mihogo ulipokuwa huna meno.

Tena kuna kitu sikielewi. Wewe ni mpishi wa miaka kumi na tano. Umetutambia hapa kila Pasaka kwamba wageni wanakuita mezani. Inakuwaje mpishi kama huyo amwombe mtoto amwonjee dengu? Dengu. Si ungeonja mwenyewe, kama kuvunja sheria ni kuvunja?

Niandikie yote. Ukileta nusu nyingine naitia motoni bila kuisoma.

Verediana

*

Mbeya, 26 Januari 2025

Dada Verediana,

Leo Jumapili sikwenda kazini, nimesema naumwa. Bupe na watoto wako kanisani. Naandika yote.

Mimi sisikii harufu wala ladha. Tangu ule mwaka wa mafua makali, tulipokuwa tunajifukiza kila jioni. Bupe alikuwa ananichemshia majani ya mkaratusi na limao, ananifunika blanketi, mvuke unaniunguza uso, na siku moja nikagundua nasikia joto tu. Mkaratusi haunuki. Nilidhani Bupe kasahau kuweka majani, nikafunua blanketi nikayaona yamejaa sufuria. Nikangoja. Wenzangu walirudiwa baada ya wiki kadhaa, mimi haikurudi. Hospitali waliniambia nisubiri. Nikila ni kama natafuna karatasi ya moto.

Mpishi wa hivyo, Dada, ni sawa na fundi redio kiziwi. Nilitakiwa nimwambie Mama siku ileile. Lakini nilikuwa na watoto shuleni, na nilikuwa sijui kazi nyingine. Nikasema nitapika kwa macho na masikio. Bizari nyembamba ikianza kulia kwenye samli naijua. Kitunguu kikifika rangi ya chai nakijua. Chumvi napima kwa kiganja. Siku nyingi inakubali, siku nyingine inakataa, na siku ikikataa mimi mwenyewe sijui mpaka sahani irudi.

Halafu ile sheria ya sahani ya juu ikawa kama rafiki kwangu. Wapishi wenzangu wote walikuwa wanasubiri sahani ishuke waonje. Mimi hata ikishuka sionji, nitaonja nini? Mama Hansa akaliona hilo. Siku moja akaniuliza mbona wewe Anord huonji hata baadaye? Ningeweza kusema ukweli pale, mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikamwambia, "Naheshimu, Mama."

Yule mama macho yakamjaa maji. Kuanzia siku ile akanipandisha. Anawaambia wageni, huyu ni Mkristo kutoka Iringa lakini anaheshimu jiko langu kuliko watoto wangu niliowazaa. Watu wananipa mkono. Na mimi naupokea, nainamisha kichwa kama mtakatifu.

Goodness alipokuja kazini aligundua wiki ya kwanza. Samli ilikuwa inaungua nyuma yangu na mimi napiga hadithi. Akazima jiko, akanitazama, hakusema kitu mbele ya watu. Jioni akaniuliza, nikamwambia. Toka hapo yeye ndo akawa ulimi wangu. Sahani ikishuka anaonja, anapita karibu yangu anasema chini kwa chini, chumvi kidogo, ndimu, hiliki imezidi. Mimi natengeneza. Miaka mitatu. Hakumwambia mtu, na naona hata wewe mama yake hakukuambia. Kile chakula kilichokuwa kinasifiwa, Dada, nusu yake ilikuwa ya mwanao, na sifa yote nilikula mimi.

Lakini siku ile ya sikukuu ni tofauti. Vyakula vyote vinapanda pamoja, vikishuka vinakwenda moja kwa moja kwa wageni. Nafasi ya kurekebisha haipo. Mwaka wa nyuma yake nilitia chumvi mara mbili, Mama akanitetea akasema mkono uliteleza. Safari hii walikuwa wanakuja watu anaotaka kushirikiana nao hoteli ya Iringa. Nikapata hofu. Nikamwambia Goodness aonje. Akasema mjomba, sahani haijapanda. Nikamwambia nani atajua.

Sasa lile nililokuficha kwenye barua zote mbili. Nilisema Mama alimwita mdokozi, baadaye nikasema mimi nilinyamaza. Yote uongo. Mama aliingia, akamwona na kijiko, akauliza, "Nani kakutuma?" Goodness akanigeukia. Alinitazama tu, hakufungua mdomo. Nikaona ananisubiri niseme, nikaona sekunde moja nyingine atanitaja mwenyewe. Nikamwahi. Nikasema, "Huyu mtoto ana tabia ya kudokoa, Mama. Nimeshamkanya sana."

Mimi. Hilo neno nimelizaa mimi. Mama alilipokea kutoka mdomoni mwangu, kwa kuwa mimi ndiye mtu wake wa heshima.

Goodness alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. Hakunitazama tena. Na mimi usiku ule nikaanza kuogopa kwamba akifika nyumbani atasema ukweli. Kulipokucha, yeye yuko kwenye basi, nikampigia Bartholomeo, nikijua jambo likiingia pale dukani limeingia Idodi yote. Nilitaka akianza kusema, aonekane anajitetea.

Hiyo ndiyo yote. Hakuna nusu nyingine.

Naogopa kumwambia Mama Hansa. Siogopi kufukuzwa peke yake. Naogopa uso wake.

Anord

*

Idodi, 9 Februari 2025

Mjomba Anord,

Shikamoo.

Mama amenisomea barua yako. Alisoma taratibu, akifika mahali anasimama, anakohoa, anaendelea. Alipomaliza akaenda kulala na jua bado liko juu.

Sina maneno mengi. Siku ya Alhamisi nilikwenda kambini kupika. Niliwapikia dengu, mchicha na jibini, na chapati za samli. Meneja alikula akaongeza. Amesema kabla ya mwezi huu kuisha atampigia Mama Hansa.

Usinitumie pole wala hela ya sabuni. Zile ulizotuma kwa simu nimemwambia mama akurudishie. Sitaki pia kazi ya chini yako Iringa. Nataka kitu kimoja. Mwambie Mama Hansa kabla simu ya kambi haijaingia. Ikiingia kwanza, atasema anachokijua, na anachokijua ni kile ulichomwambia wewe.

Habari ya pua yako sikumwambia mtu miaka yote kwa sababu ni ya kwako, siyo ya kwangu. Mpaka leo ni ya kwako. Lakini jina langu ni la kwangu.

Wako,
Goodness

*

Mbeya, 2 Machi 2025

Dada Verediana na Goodness,

Barua ya Goodness niliipata tarehe kumi na tatu. Nikakaa nayo. Kila siku nilikwenda kazini nimejipanga kusema, na kila siku nilipata sababu. Leo kuna wageni, leo Mama ana presha, leo anafunga. Bupe ndo alinitoa. Nilimwambia yote hatimaye, nikidhani atalia. Mnyakyusa yule akanitazama akasema pua yako naijua tangu siku maziwa yalipoungua na wewe umekaa pembeni ya jiko unasoma gazeti. Nilikuwa nangoja uniambie. Halafu akasema la Goodness alikuwa halijui, na kwamba nisipolimaliza yeye atapanda gari aende Forest na kanga yake ya shambani, ampe Mama Hansa habari mbele ya glasi za miguu. Mnamjua, angekwenda.

Jumatatu iliyopita asubuhi Mama alishuka jikoni kama kawaida kuchukua sahani ya juu. Nilikuwa nimeshampakulia. Nikamwambia Mama, kabla hujapanda nina neno. Akasema nitashuka sasa hivi. Nikamwambia hapana, kabla.

Niliongea nimeinama. Nilianza na Goodness, kwamba nilimtuma mimi, na neno la kudokoa lilikuwa uongo wangu. Akasema, polepole, kwa nini umtume, wewe si huonji. Hapo nikamwambia la pua. Nikamwambia na lile jibu la kuheshimu.

Sikumwona uso kwa sababu sikuinua kichwa. Wenzangu wote walikuwa wameacha visu. Halafu akauliza, "Hii dengu hapa, ina chumvi?"

Nikasema, "Sijui, Mama."

"Miaka yote hii nilikuwa napandisha juu kitu ambacho hata aliyepika hakijui?"

Nikasema ndiyo.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Akaiweka sahani mezani, akakaa kwenye gunia la mchele, mama yule wa vitambaa vyeupe, akakaa kwenye gunia. Alisema kwamba mtu asiye na pua angemsaidia, angemwekea msaidizi, hilo siyo kosa, ni ugonjwa. Alisema Goodness alionja kabla ya wakati, na hilo kwake ni kosa na bado ni kosa, asingemrudisha jikoni mwake hata leo. Lakini kuonja kwa kutumwa na kudokoa ni vitu viwili, na yeye kwa umri wake amemfukuza mtoto wa watu kwa jina la wizi kwa sababu ya kuniamini mimi. Alisema nimemfanya atende dhambi mbele ya mungu wake, siku ya sikukuu yake, kwa mdomo wake. Hilo ndo lilinivunja, Dada. Sikuwa nimeliwaza hata mara moja. Nilikuwa nahesabu nafsi mbili zilizoumia, kumbe ziko tatu.

Simu ya kambi iliingia Jumatano. Mama aliniita ofisini akaweka sauti ya nje ili nisikie. Meneja akauliza habari za Goodness. Mama akamwambia huyo binti alikuwa na mikono safi, nilimfukuza kwa kusingiziwa, na ladha ya jiko langu ilikuwa yake. Akakata. Akaniambia niende nikamalizie zamu.

Hakunifukuza. Amemwita mpishi kutoka Dar, atafika wiki ijayo. Mimi nitabaki kumenya viazi na kuosha masufuria, kama nataka. Nimesema nataka. Habari ya Iringa haipo tena kwangu na wala sikuuliza.

Jumamosi ijayo nakuja Idodi. Dada, usimwambie Severina wala mtu yeyote kwa niaba yangu. Neno nililitoa kwa mdomo, nitalirudisha kwa mdomo. Nimesikia kuna kipaimara, akina mama watakuwa kwenye masufuria. Nitakwenda palepale.

Anord

*

Idodi, 6 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mama ni mzima, anavuna mahindi mabichi. Amesema nikuandikie mimi, yeye hayuko tayari kushika kalamu. Ila lile shati ulilolisahau kalifua, kalining'iniza mlangoni. Sijui maana yake, nakuambia tu nilichokiona.

Ulipokuja ulikuta nimeshaambiwa niende kwenye kuosha sahani, kama desturi yangu mpya. Nilikusikia ulipoanza kuongea na akina mama. Niliposikia jina langu nikaondoka nikaenda kukaa nyuma ya kanisa. Najua uliniona naondoka na najua uliumia. Sikuondoka kwa kiburi. Mimi nilikuwa nayajua yote, sikuwa na haja ya kuyasikia. Nilitaka wao ndo wasikie.

Wameniambia uliongea mpaka ukamaliza ingawa Mama Severina alikuwa anakukatiza. Wameniambia Bartholomeo alisema wewe Anord ulikuwa mwongo tangu shule ya msingi, lakini wa kuchekesha, na kwamba hakuna aliyecheka. Mama Severina alikuja nyumbani Jumatatu na kuku wawili. Mama akampokea kuku, kiti hakumpa.

Kazi nimepata. Naanza kambi ikifunguliwa, mwezi wa sita. Nimepewa jiko na kijana wa kuosha, na meneja anasema orodha ya vyakula niandike mwenyewe.

Nimekuandikia kwa sababu ya kitu kimoja. Kwenye barua ile ndefu ulisema Mama Hansa alipouliza nani kanituma, nilikugeukia nikakusubiri useme, na kwamba sekunde moja nyingine ningekutaja. Nimelifikiria sana hilo, nikaona siyo haki ubaki nalo hivyo.

Sikuwa nakusubiri, mjomba. Dengu ilikuwa ya moto sana, nilikuwa sijameza. Nilikuwa nakutazama ili uelewe usiseme kitu. Nikishameza nilitaka nimwambie Mama kwamba tangu asubuhi sijala, nimeonja kwa njaa yangu mwenyewe, anisamehe. Nilikuwa nimeshalipanga. Labda angenifukuza, labda asingenifukuza, lakini ningerudi nyumbani na njaa, siyo na wizi. Ukaniwahi.

Sikuambii ili nikuumize. Nakuambia kwa sababu ni kweli, na tumekubaliana kuambiana kweli.

Na ile dengu iliyomwagwa haikuwa na kosa lolote. Chumvi ilikuwa sawa.

Msalimie Shangazi Bupe.

Goodness